Saini Tu, Gari Linaondoka

Katika familia yetu tunashuku kwanza, salamu zinafuata. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nataka tu ijulikane mapema kwamba nilipomshuku mdogo wangu Loyce sikumwonea. Nilikuwa natumia malezi niliyopewa.

Mwaka huo wa 2007 nilikuwa fundi baiskeli Singida mjini, na mpaka leo ni fundi baiskeli. Loyce, anayenifuata kuzaliwa, alikuwa anaendesha chumba cha intaneti chenye kompyuta sita, mtaa wa pili kutoka kibandani kwangu. Alikuwa na miaka thelathini na moja, hajaolewa, mpole kwa watu na mkali kwa mashine. Mchana aliwasaidia wanafunzi na makarani kuandika barua zao. Asubuhi kabla ya kufungua, na kila wateja walipopungua, alikuwa na kazi nyingine, na hiyo ndiyo iliyonipandisha presha.

Nilimwuliza ni kazi gani. Akasema anafungasha kiunzi cha Java.

"Unakifungasha unakipeleka wapi?"

"Kwenye Linux."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma, kaka."

"Wanakulipa?"

"Hawanilipi."

Hapo ndipo nilipoanza kumwekea macho. Soko huria lilipoingia tuliona watu wengi sana waliokuja Singida bila kutumwa na mtu, wakiwa na tabasamu na mizani yao wenyewe. Walipoondoka tulibaki tunaangaliana.

Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa, na nitaeleza kama nilivyoelezwa. Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta, kama ile Windows ambayo kila mtu anaijua, ila huu hutolewa bure na watu wa kujitolea waliotapakaa duniani. Wanaukusanya pamoja na maelfu ya programu, kila moja imefungwa kwenye kifurushi chake, wanaviweka kwenye CD, na mwenye CD anajiwekea anachotaka bila kuhitaji intaneti. Loyce alitaka kuongeza kifurushi kimoja humo. Kilikuwa hicho kiunzi cha Java, lugha mojawapo ya kuandikia programu, na jina lake Pergola. Kiunzi ni kama nguzo na boriti. Mtu anayetaka kujenga programu inayofunguka kama tovuti anakuta nguzo zimeshasimama, yeye anakandika na kuezeka.

Kwa nini Pergola? Kwa sababu ya hospitali moja ya misheni upande wa Manyoni. Mgeni mmoja wa kujitolea aliwajengea programu ya kutunza orodha ya dawa juu ya kiunzi hicho, kisha akarudi kwao. Kompyuta ikafa. Sista Anastazia, aliyekuwa na dhamana ya stoo ya dawa, akamwita Loyce. Kuirudisha kulimchukua siku kumi na moja, maana Pergola haikuja peke yake. Ilidai vipande vingine ishirini na tatu, na kila kimoja kilibidi kivutwe kutoka kilipo kwa intaneti yetu ya kukatikakatika. Kimoja alikitoa kwenye tovuti isiyojulikana mwenyewe. Programu ikawaka, Sista akashangilia.

Wiki ya tatu ikaonekana kwamba kile kipande kilikuwa na kasoro. Kilikuwa kinakumbuka idadi ya jana na kuionyesha leo. Kwenye kompyuta dawa ya sindano ipo, kwenye rafu hakuna kitu. Mama mmoja kutoka Kintinku alilala siku nzima akisubiri dawa iliyokuwa kwenye kioo tu. Alipona, tumshukuru Mungu, lakini Sista aliifunika kompyuta kwa kitenge akarudi kwenye daftari, na Loyce akarudi Singida.

Siku ya pili aliniambia, "Nilipokea kitu bila kukifungua ndani, kaka. Kama Baba."

Nilimwambia anyamaze. Hilo kwetu halitajwi hivi hivi.

Sasa nimeshalitaja, kwa hiyo nilimalize. Baba yetu, mzee Ezekieli wa Mungaa, alikuwa mkaguzi wa mazao kwenye ghala la ushirika. Chombo chake kilikuwa bambo, kile chuma chenye mfereji ambacho unachoma kwenye gunia na kinatoka na nafaka ya katikati. Mkulima anaweza kupanga mtama mzuri juu na mzuri chini, lakini bambo linajua cha katikati. Baba alikuwa anachoma kila gunia. Wakulima walimlalamikia, walimwita majina, na walimheshimu. Jina lake lilipokuwa chini ya karatasi, hakuna aliyelifungua tena gunia hilo mpaka Dodoma.

Mwaka wa tisini na tatu wanunuzi binafsi walikuwa wamejaa kila kona na ushirika ulikuwa unapumulia mashine. Akaja Bonifasi, mfanyabiashara, rafiki wa Baba wa miaka mingi, aliyepewa kazi ya kukusanyia ushirika mtama. Alileta magunia mia mbili. Baba akachoma safu ya mbele, safi. Akataka kuendelea na za nyuma. Lori lilikuwa linaunguruma nje na Bonifasi akamshika bega: "Ezekieli, mimi na wewe tena? Saini tu, gari linaondoka."

Baba akasaini. Safu za nyuma zilikuwa mchanga na makapi.

Hakufungwa. Alifukuzwa, na watu wakasema amekula na Bonifasi, jambo ambalo lilimuuma kuliko kufukuzwa. Toka siku hiyo Baba, mtu aliyekuwa na mwandiko wa kupendeza ambao walimu wetu waliusifu kwenye ripoti zetu, hakusaini tena kitu chochote. Palipohitajika jina lake alichovya dole gumba kwenye wino kama mtu ambaye hakuona mlango wa shule. Kwenye ndoa yangu, kanisani, mbele ya wakwe zangu, padri alimpa kalamu asaini kama shahidi. Akairudisha akaomba kidau cha wino. Cheti changu cha ndoa kina doa la zambarau mahali palipotakiwa jina la baba yangu. Nilimkasirikia kwa hilo, na nilikuwa bado nimemkasirikia wakati mambo haya yanatokea.

Basi Loyce aliazimia kuifungasha Pergola ili iwe kwenye CD, imekaguliwa, na Sista aweze kuiweka mwenyewe bila kuokotaokota vipande. Hapo nikagundua kwamba wale watu wa Linux wana tabia ninazozifahamu. Hawapokei unga. Vile vipande ishirini na tatu vilikuja vimeshasagwa, vinaitwa jar, na ukivitazama huoni kilichosagwa humo. Wao wanataka nafaka, yaani maandishi yenyewe aliyoandika mtunzi, halafu wanasaga kwa kinu chao. Kila kipande kinatakiwa kionyeshe kimetoka kwa nani na kwa ruhusa gani. Faili moja tu lisilo na ruhusa, kifurushi chote kinarudishwa.

"Hawa watu wanashuku vizuri," nilimwambia.

"Ndiyo maana nimewapenda," akajibu.

Alianza kuvichoma kimoja kimoja. Kimoja kilijiita toleo la pili na ndani kilikuwa la kwanza. Kimoja kilikuwa na vipande viwili vya watu wengine vimefichwa tumboni. Aliwaandikia watunzi wa Pergola kuwauliza wamevitoa wapi, wakamjibu kwamba dunia nzima inavitumia hivyo hivyo na haijalalamika. Akawauliza tena, nani amewahi kuvitazama ndani? Hawakujibu kwa wiki tatu. Kimoja, cha kupanga tarehe, hakikuwa na nafaka popote. Mtunzi wake alikuwa ametoweka na anwani yake imekufa. Loyce alikikata, akaishona Pergola upya mahali kilipokuwa, akajaribu siku ishirini kuona kama tarehe zinakaa sawa. Yote haya aliyaandika kwenye daftari la kurasa mia mbili. Nakiri niliwahi kulifungua alipokwenda kununua maandazi, nikitafuta jina la mwanaume. Nilikuta majina ya mafaili na alama za vema.

Jina la mwanaume lilikuja baadaye. Laurian.

Mgeni kama Loyce haruhusiwi kupakia kazi yake mwenyewe. Lazima awe na mdhamini, mtu wa ndani, aikague na kuiingiza kwa jina lake. Aliyejitokeza alikuwa huyo Laurian, Mtanzania wa Bukoba anayeishi Ubelgiji. Aliipitia kazi miezi minne, akamrudishia mara tisa, kisha akasema imekaa sawa ila kuna sharti. Yeye hapakii kazi ya mtu ambaye hajaonana naye uso kwa uso na kuona kitambulisho chake. Kila mmoja wao ana ufunguo wa siri wa kutilia saini kazi zake kwenye kompyuta, na ufunguo huo una namba ndefu, tarakimu na herufi arobaini, zimepangwa mafungu kumi. Mkikutana, unaniletea namba yako kwenye karatasi, natazama uso wako na kitambulisho, naandika jina langu kwenye karatasi hiyo kwamba nimekuona, na nikifika kwangu nausaini ufunguo wako kwenye kompyuta. Nawe unanifanyia vivyo hivyo. Ukishausaini umeiambia dunia: namba hii ni ya mtu huyu, mimi ni shahidi.

Milango ya toleo jipya ilikuwa inafungwa mwisho wa mwezi wa tano. Ikifungwa kabla Pergola haijaingia, Sista Anastazia angesubiri toleo jingine, karibu miaka miwili, na kompyuta yake ingebaki chini ya kitenge.

Katikati ya mwezi wa nne Laurian akaandika kwamba amefiwa na shangazi. Anakuja Bukoba kuzika, na basi lake litapita Shelui kwa ajili ya chakula. Dakika kumi na tano. Loyce alete kitambulisho.

Nikasema hapa sasa. Mtu wa Ubelgiji, hatumjui, anataka kuona kadi ya kupigia kura ya mwanamke wa Singida pembeni ya barabara. Nikafunga kibanda nikamwambia tunakwenda wote. Loyce alikuwa amechukua kadi, na juu yake barua ya mtendaji wa mtaa yenye picha na mhuri, na barua ya paroko. Nilimwuliza kwa nini asichukue na cheti cha ubatizo. Alikuwa nacho kwenye mfuko wa pili.

Shelui ni mahali pa kushukia na kupandia. Malori yamepangana kuelekea Nzega, akina mama wanauza kuku wa kukaanga na mayai, madereva wamelala chini ya matela. Basi liliingia saa nane mchana likiwa jekundu kwa vumbi la Sekenke, maana lami ilikuwa bado inawekwa vipande vipande. Laurian akashuka. Nilitegemea jitu. Alikuwa mfupi, mwenye kipara kidogo, amevaa koti jeusi la msiba. Alinipa "shikamoo" ingawa tulikaribiana umri. Nikaipokea na nikaishuku.

Walikaa kwenye benchi la hoteli ya wali. Yeye aliichukua kadi ya Loyce, akatazama mbele na nyuma, akamtazama usoni, akazisoma barua zote mbili, akacheka kidogo kwenye ile ya paroko. Loyce akamsomea namba yake fungu kwa fungu. Laurian akaandika jina lake kwenye karatasi ya Loyce. Nikaona mdogo wangu anashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia toka mwaka jana.

Kisha ikawa zamu ya Loyce kukagua. Loyce akaitazama pasipoti ya Laurian mpaka nikaona aibu. Akapokea karatasi ya namba. Akafungua daftari lake, ambamo alikuwa ameinakili namba ya ufunguo ambao Laurian alitumia kusaini barua zake zote. Kidole chake kikasimama kwenye fungu la kwanza.

"Hii siyo, kaka Laurian."

Akainama kutazama. "Aa! Nimechukua karatasi za mwaka jana kwenye pochi. Hiyo ni ya ufunguo wangu wa zamani. Ni wangu vilevile, usijali."

"Namba ya huu wa sasa unayo?"

"Ipo kwenye kompyuta, na kompyuta ipo buti, chini ya mizigo ya watu."

Tulimwomba kondakta afungue buti. Alitujibu kwa lugha ambayo siiandiki. Dereva akawasha injini, abiria wakaanza kupanda na kuku wao mikononi. Laurian akamsogezea kalamu.

"Dada Loyce, umeniona, pasipoti umeiona. Saini tu, gari linaondoka."

Hakujua alichosema. Mimi nilijua, na Loyce alijua, maana aliirudisha kalamu taratibu kama kitu cha moto.

"Siwezi," alisema.

"Mimi nimekukubali kwa kadi ya kupigia kura."

"Na nakushukuru. Lakini namba hii siijui."

Laurian alisimama. Hakutukana, ila uso wake ulifungwa kama duka. Alisema kwa heri, akapanda, basi likaondoka. Hakusema kama atapakia Pergola au hatapakia.

Hapo ndipo nilipomgeukia mdogo wangu. Nilikuwa nimekwenda Shelui kumlinda na tapeli, nikajikuta namtetea tapeli kwa sauti mbele ya madereva wa malori. Nilimwambia kazi ya mwaka na miezi miwili ameitupa kwa sababu ya karatasi. Nilimwambia mtu huyo amemrudishia kazi mara tisa bila kuchoka, amemwamini, naye anamfanya mwizi. Nilimwambia ana roho ya kutu kama ya Baba. Alinunua mayai mawili ya kuchemsha, akanipa moja.

Siku tisa zikapita kimya. Kila asubuhi nilipita chumba cha intaneti nikijifanya natafuta chenji, nikamkuta anafungua barua pepe, hakuna kitu. Sista Anastazia alipiga simu kuuliza tumefikia wapi. Loyce alimwambia ukweli wote, pamoja na kwamba kosa likiwepo ni lake. Nilimsikia Sista upande wa pili akisema, "Haya mwanangu, daftari bado lina kurasa." Niliumia kuliko kama angemgombeza.

Siku ya kumi alikuja kibandani kwangu anakimbia, kitu ambacho Loyce hafanyi. Laurian alikuwa ameandika. Alikuwa amefika kwao, akafungua kompyuta yake, na mambo yakamjia. Ule ufunguo wa zamani ulikuwa kwenye kompyuta yake nyingine, iliyoibwa ndani ya treni mwaka uliopita. Alitengeneza mpya akaendelea na maisha, wa zamani hakuutangaza kwamba umekufa. "Ungesaini ile karatasi," aliandika, "ungekuwa shahidi wa mwizi wangu, na mimi ndiye niliyekupa kalamu. Nimewaeleza wenzetu wote jinsi ulivyonikatalia. Jumatano narudi, napita Shelui. Safari hii kompyuta nitaipakata."

Nilifurahi mpaka nikamtengenezea mteja gurudumu bure. Jumapili tukaenda Mungaa kumweleza Baba.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wa jikoni, anapukuchua mahindi. Bambo lake limetundikwa ukutani nyuma yake kwenye msumari, limeshika kutu. Nadhani nilikuwa nimetegemea afurahi. Alisikiliza habari yote bila kuinua kichwa. Loyce aliposema yale maneno ya kwenye benchi, saini tu gari linaondoka, mikono yake ilisimama, halafu ikaendelea. Alimsomea na barua, akiitafsiri palipokuwa na Kiingereza.

"Umejuaje kwamba ni yeye aliyeiandika?" Baba akauliza.

"Imesainiwa, Baba. Kwa ufunguo wake mpya."

"Huo ambao namba yake hajakupa kwa mkono wake."

Loyce aliitazama tena barua ile. Mwaka na miezi miwili alikuwa amechoma kila gunia, na hili la furaha alikuwa amelipokea mlangoni. Mimi pia nililipokea, mimi ninayejiita mwenye macho. Loyce akaikunja barua akairudisha kwenye daftari.

"Jumatano saa ngapi?" Baba akauliza.

"Saa sita, Baba."

"Nakwenda."

Baba hakuwa amekwenda popote penye malori kwa miaka kumi na minne. Alivaa koti lake la kaki la ghalani, ambalo Mama alikuwa amelitunza sandukuni na nondo walikuwa wamelipunguza, na miwani iliyofungwa kwa uzi. Njia nzima alikaa na daftari la Loyce magotini, anasoma ile namba, midomo inacheza.

Basi lilipofika Laurian alishuka akiwa ameikumbatia kompyuta. Alimwona Baba, akainama. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kitambulisho."

Madereva waliokuwa wanakula wali wakacheka. Baba hakucheka. Aliichukua pasipoti akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akamwuliza Laurian baba yake ni nani, kijiji gani, na huyo shangazi amezikwa siku gani. Akajibiwa yote. Kisha akamwambia afungue kompyuta asome namba kutoka mle ndani, kwa sauti, asitazame daftari.

Laurian akaanza. Baba alikuwa anafuata kwa kidole, na kila fungu likipita anasema "mbele". Nilikuwa sijaisikia sauti hiyo toka alipofukuzwa ghalani. Ilikuwa sauti ya kazini, kavu, haina haraka. La kwanza, mbele. La pili, mbele. Dereva akapiga honi. La tano, mbele. Walipofika la saba kondakta akaligonga basi kwa kiganja na kupiga kelele:

"Mzee, saini tu, gari linaondoka!"

Kidole cha Baba kikasimama. Loyce alinishika mkono, kucha zikaniingia. Nilifikiri Baba ataliweka daftari chini aondoke zake, na ningemwelewa. Yeye alivua miwani, akaifuta kwenye pindo la koti, pande zote mbili, akaivaa tena.

"Nimepoteza mstari," alisema. "Anza mwanzo."

Abiria waliguna, mama mmoja dirishani akamwita Baba jina baya. Kondakta alikuja mpaka kwenye benchi akamkuta mzee mwenye koti la kaki anamtazama tu, akarudi alikotoka. Laurian alimtazama Loyce, akakohoa, akaanza mwanzo. Mafungu kumi, yote, mpaka herufi ya mwisho.

"Ndiyo yenyewe," Baba akasema.

Loyce akaandika jina lake kwenye karatasi ya Laurian. Baba akauliza, "Na shahidi anaandika wapi?"

Kanuni zao hazihitaji shahidi. Loyce alitaka kumweleza, lakini Laurian alikuwa ameshaigeuza karatasi na kumwekea mbele. "Hapa chini, mzee."

Nilianza kutafuta kwa macho mahali pa kupata wino wa dole gumba. Baba akanyoosha mkono kwa Loyce, akaomba kalamu. Aliandika Ezekieli, akaandika na jina la babu yetu, akamalizia kwa ule mkia mrefu unaorudi chini ya jina lote, kama kwenye ripoti zangu za darasa la tano. Mimi nilikwenda kutazama matairi ya lori moja, maana nilikuwa nalia na sipendi kuonekana.

Nimalize habari ya kifurushi. Laurian aliipakia Pergola siku nne kabla ya milango kufungwa. CD zilifika kwa posta mwishoni mwa mwaka, na Sista Anastazia aliiweka mwenyewe, bila Loyce kugusa kitu. Loyce alimwambia ahesabu rafu kwa mkono mwezi mzima sambamba na kompyuta kabla ya kuliacha daftari. Alihesabu miwili. Kitenge sasa amekishona mapazia.

Lakini jioni ile tulipokuwa tunarudi, mahali fulani kabla ya kufika Singida, Baba alikuwa amekaa dirishani na Loyce amelala begani kwake. Nilidhani na yeye amelala.

"Simoni."

"Naam, Baba."

"Kile cheti chako cha ndoa unacho?"

"Kipo kabatini."

"Jumapili niletee. Na kalamu."

Cheti hakiongezewi kitu, mimi najua na yeye anajua. Nilimwambia nitaleta, na sikumwuliza cha nini.